Katikati

Jumanne jioni, ukumbi wa kanisa, Jericho.
Tunasukuma viti vya kwaya ukutani,
tunafunga wavu: nguzo moja ni nguzo kweli,
ya pili ni chuma cha dirisha.
Mistari ni utepe wa mafundi rangi, umebanduka pembeni.
Vugutsa anafunga goti lake kwa bandeji ya kahawia
na kuniambia, kama kila Jumanne kwa miaka tisa,
"Usinitazame. Nisikilize kwa mgongo."

Nilichelewa kumwelewa.
Ukiwa mbele, karibu na wavu, raketi juu ya kifua,
usigeuke kumtafuta mwenzako;
ukigeuka, kinyoya kitakukuta kisogoni.
Sikiliza viatu vyake. Raba zikilia kushoto,
wewe ziba kulia.
Mkishambulia, fuataneni kama sindano na uzi.
Mkishambuliwa, gawaneni kama nyumba ya vyumba viwili,
kila mtu na mlango wake.
Na ukikipandisha kinyoya juu bila sababu,
umewafungulia mwenyewe; usilie wakiingia.

Vugutsa hushona sare za shule kule Ngara,
ndiyo maana ya sindano na uzi.
Mimi hupiga picha za mifupa hospitalini.
Napenda kujua kitu kimevunjikia wapi.

Wiki ile walikuja vijana wawili wa Buruburu,
Otundo na Kithure,
wakiruka kama bisi sufuriani.
Smashi zao zilikuwa na mlio wa mlango wa lori.
Seti ya kwanza, ishirini na moja kwa tisa.
Tulinyolewa bila maji.

Mapumziko, Vugutsa hakugusa chupa yake.
"Umewaona? Kila mmoja anacheza peke yake,
ila wamekodi uwanja mmoja.
Pembeni usiwapelekee, huko ndiko wanakotamba.
Weka katikati."

Basi tukaweka katikati.
Si kwa nguvu. Kwa adabu,
kama mtu anayetua sahani mezani
kati ya wageni wawili wanaoona haya kuanza.
Kinyoya kilishuka pale. Otundo akamtazama Kithure,
Kithure akamtazama Otundo,
kikalala chini na manyoya yake kumi na sita.
"Hicho kilikuwa chako!"
"Changu vipi?"
Pointi baada ya pointi, hakuna aliyekosea,
hakuna aliyecheza.

Seti ya tatu, kumi na tisa kwa kumi na tisa,
stima ikapotea.
Kinyoya kilikuwa hewani.
Gizani nikakisikia kikigusa sakafu, tak,
upande gani, sijui.

Tulikaa chini kungoja taa.
Kithure alikuwa anaonyesha kwa tochi mahali kilipoangukia
wakati simu yangu ilipong'aa mkononi.
Kaka yangu, Musembi:
*Mama amelazwa tangu Jumapili. Nilidhani unajua.*

Jumapili jirani ya mama alinipigia mara mbili.
Nilikuwa nakunja nguo.
Nikasema moyoni, atampata Musembi, Musembi yuko karibu.
Na Musembi, nina hakika, aliitazama simu yake
akasema, huyo ni wa dada, dada ndiye wa hospitali.
Siku mbili mama alikuwa amelala pale
kwenye mstari, baina yetu,
sisi tukitazamana kwa mbali.

Vugutsa aliusoma uso wangu kwa mwanga wa ile simu.
Hakuuliza. Alichukua raketi yangu,
akaitia kwenye mfuko wake pamoja na yake,
akafungua mlango kwa kiwiko.

Nje kulikuwa na jenereta ya kinyozi ikinguruma.
Nilimpigia Musembi.
Kabla hajasema halo
nilitoa lile neno tunalolipazia sauti uwanjani,
mapema, kinyoya kikiwa bado juu:

"Changu."

Alinyamaza. Kisha akasema,
"Basi mimi niko nyuma yako."

Otundo hadi leo anadai kilitoka nje.